Gurudumu la Ubwa, Fremu ya Marehemu

Wallahi billahi, haya nitakayoyasema ni kweli tupu, sikutia chumvi wala ndimu. Himid muuza kahawa ni shahidi yangu: atakayenikamata na uongo, hata mmoja, basi kahawa ya baraza nzima leo juu yangu, na kashata zake. Sikilizeni, na muache kunong'onezana.

Alikuwapo bwana mmoja, Ubwa, mstaafu wa bandarini Malindi hapa mjini, aliyeendesha winchi miaka thelathini na mbili bila ya kumwangushia mtu gunia kichwani. Uzeeni akamuoa Bi Shemsa, mjane wa Mwalim Mbarouk, akahamia kwa mkewe huku Amani na sanduku moja, redio moja na baiskeli ya giya aliyoinunua kwenye mitumba. Alifikiri anaingia nyumba ya mke. Kumbe mna mwenyewe. Ukutani, ikitazamana na kiti alichopewa yeye, ilitundikwa fremu ya baiskeli, nyeusi, ya kizamani, gurudumu la mbele inalo na la nyuma haina.

Hakuna aliyemwambia fremu ile ni ya nani, na yeye hakuuliza. Nyumba ya mjane, utauliza nini? Isitoshe, alama aliiona kwa macho yake. Fremu haikuwa na lile bomba la juu linalonyooka toka kiti mpaka usukani. Bomba lake lilishuka chini, limepinda kama mpini wa bakora. Ubwa akajijibu mwenyewe. Mwalim Mbarouk alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu wa kanzu kutwa kucha, na mwenye kanzu hawezi kurusha mguu juu ya bomba. Basi marehemu, hata kanzu yake ilifikiriwa. Yeye Ubwa juzi kaomba kifungo cha shati, kaambiwa asubiri.

Kilichomuua hasa ni Ijumaa. Kila Ijumaa, kabla ya sala, Bi Shemsa huchukua ncha ya kanga akaipangusa fremu ile, taratibu, kuanzia usukani mpaka kwenye uma wa nyuma wa kushikia gurudumu, kama mtu anayemkausha mtoto maji. Huku kofia ya Ubwa iko msumarini inaota vumbi. Mtu akimwonea wivu jirani yake, ipo siku jirani atakosea na yeye atapumua. Maiti hakosei tena. Ubwa alikuwa anakunywa chai huku anaikodolea macho fremu, na alikuja kuamini kwamba fremu nayo inamkodolea yeye.

Siku moja akajaribu kwa njia ya adabu. Akasema wapo watu wanapita mitaani wananunua chuma chakavu, na kile kitu ukutani kinachafua chokaa. Bi Shemsa hakugeuka hata shingo.

"Hiyo haitoki, Bwana Ubwa. Atatoka mtu kwanza."

Mtu mwenyewe ni nani, hapakuwa na haja ya kutajwa. Walikuwa wawili tu nyumbani.

Mungu hamtupi mja wake. Mwezi ule ule baiskeli ya Ubwa ikakatika fremu pale Darajani, mbele ya wauza samaki, akabaki kashika usukani kama nahodha aliyeachwa na chombo. Lakini gurudumu la nyuma lilitoka zima, rimu inang'ara, spoki zote zimo. Akalibeba begani mpaka Amani, na njiani fikra ikamjia. Fremu haitoki? Basi naitoke barabarani. Akilitia gurudumu lake yeye kwenye fremu ya marehemu, ile Ijumaa ya kupanguswa, nusu itakuwa inapanguswa ya Ubwa.

Bi Shemsa alipoombwa ruhusa alimtazama kwa muda, akasema mafundi watatu walishajaribu na wote wakarudisha. "Ukiivunja, usinijie na maneno."

Akaiteremsha, akapima. Mwanya wa uma wa nyuma ulikuwa inchi nne na nusu. Ekseli ya gurudumu lake ilitaka inchi tano na robo. Ubwa akalisukuma, likagoma, akaligeuza, likagoma. Akaketi kwenye kibao cha mbuzi ya nazi. Hata kaburini, yule bwana alikuwa hataki mtu aingie.

Fundi wa papara angechukua nyundo. Ubwa alikuwa mtu wa winchi, anajua kwamba chuma hakifokewi. Akaanza na upande wake. Lile gurudumu la giya lilikuwa na giya saba kwenye ubavu, makombe saba ya meno ya kushikia mnyororo, yamepandana. Akayang'oa yote akatia kombe moja. Akatoa zile pete nyembamba za washa zilizozidi kwenye ekseli, mpaka gurudumu likajikunyata likawa inchi tano kamili. Ikabaki nusu inchi ya fremu kufunguka. Akenda mjini akatafuta bolti ndefu yenye uzi mwanzo mpaka mwisho, akaitia katikati ya uma na nati mbili zikitazama nje, akawa anazikaza kwa spana, robo mzunguko, anapumzika, robo mzunguko tena.

Na hapa, enyi watu, ndipo fremu ilipokohoa.

Msicheke. Ilikohoa kikohozi cha pumu, kile kile cha Mwalim Mbarouk alichokuwa akikohoa msikitini watu wote wakamtambua. Spana ikamtoka Ubwa mkononi. Na kwa kuwa marehemu alimzidi umri, adabu ikamtangulia woga, akasema, "Shikamoo."

Bi Shemsa akauliza kutoka jikoni anamwamkia nani.

"Naam? Hapana mtu," akasema Ubwa, akakaza nati tena.

Alipotoa bolti mwanya ulikuwa inchi tano. Akafunga uzi kwenye ncha moja ya uma, akauzungusha shingo ya usukani, akaurudisha ncha ya pili, aone kama pande zote mbili zimefunguka sawa. Wapi. Kulia kumetoka zaidi. Ikabidi aurudishe mkono wa kulia wa uma na kuuvuta wa kushoto, siku nzima. Gurudumu likaingia, lakini washa alizozitoa zilikuwa za upande mmoja, kwa hivyo rimu imelalia ubavu inakwaruza chuma. Siku ya tatu hiyo yote ni ya spoki: analegeza nusu upande huu, anakaza nusu upande ule, kashika chaki karibu na rimu, anazungusha aone inagusa wapi. Alifanya kazi ile bila ya kula mchana. Haikuwa kazi ya baiskeli tena. Alikuwa anagombania kiti ndani ya nyumba.

Ijumaa, gurudumu likazunguka kimya, katikati kabisa, kama limezaliwa mle. Bi Shemsa akatoka na kanga mkononi, akasimama. Akalizungusha kwa kidole. Akalizungusha tena, kanga kaisahau begani, na Ubwa akajua kashinda.

Basi asubuhi yake akampakia mkewe nyuma kwenye keria, upande upande, akatia mguu pedali, huyo, kwao Bi Shemsa, Bwejuu! Wametoka Amani jua linachomoza. Tunguu wameipita gari ya watalii, watalii wanapiga picha. Pale Jozani kima punju akadandia usukani, wakampeleka mpaka Kitogani kwa hisani yao, akateremka. Saa tatu na nusu wako Bwejuu, na Bi Shemsa anamwambia mumewe, huku kamshika kiuno, "Marehemu hakuwahi kunifikisha huku kwa baiskeli, hata siku moja."

Na hapo ndipo wivu wa Ubwa ulipokufa ukazikwa. Mwisho wa hadithi. Himid, nitilie kidogo.

"Subiri, Himid."

Sauti ilitoka dirishani, juu ya kichwa changu. Maana Ubwa ndiye mimi, kama mlikuwa hamjajua, na baraza hii iko chini ya dirisha la nyumba yangu. Kosa hilo nalikubali.

"Maneno ya mwisho ni yangu kweli," akasema Bi Shemsa. "Marehemu hakuwahi kunifikisha Bwejuu. Angenifikishaje, na baiskeli hakuijua? Fremu ile babangu alininunulia mimi, nilipokuwa msichana, nende nayo skuli Paje. Haina bomba la juu kwa sababu ya sketi, Bwana Ubwa, si kwa sababu ya kanzu ya mtu. Marehemu nilikuwa nampakia mimi."

Baraza ikaangua kicheko, mpaka Himid akaweka dele la kahawa chini.

Nikamuuliza kwa nini asiniambie. "Hukuniuliza. Miezi saba unaununia ukuta, mimi nadhani ndivyo ulivyo."

"Na Bwejuu?" akauliza Himid, ambaye alishaanza kupanga vikombe.

"Bwejuu gani? Tumezunguka uwanja wa mpira mara moja. Mimi mbele, yeye kwenye keria kafumba macho. Ila gurudumu ni kweli. Hilo kalitia yeye, na mafundi watatu walishindwa. Miaka kumi na moja naipangusa nikijua sitaipanda tena."

Ningenyamaza pale ningekuwa mtu mzima. Lakini donda halikuwa limefunga, nikajikuta nauliza, mbele ya watu: "Na yeye, ulipokuwa ukimpakia, alikuwa anashika wapi?"

"Kiunoni. Wewe umeshika springi za siti, kama mzigo. Kesho ukishika kwingine, nitakufikisha mpaka Tunguu."

Himid alishahesabu: vikombe kumi na viwili, kashata kumi na mbili, na kikombe cha kumi na tatu kipelekwe dirishani. Nikatia mkono mfukoni.