Anayeonja Kwanza

Tangu mafua makali ya msimu wa mvua, Masereka hakuwa akisikia ladha ya kitu chochote. Mchuzi, chai, hata dawa ya kikohozi, vyote vilipita mdomoni kama maji ya bomba. Nyumbani alijifunza kusifu chakula kwa kuangalia nyuso za wengine, na mkewe Kabugho hakuwa amegundua. Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo la kuvumilia. Lakini Masereka alijulikana kutoka Munkunyu hadi Ibanda kama mwonjaji wa tonto, pombe ya ndizi. Wenye sherehe walimwita aseme ipi imeiva na ipi iachwe kidogo. Sasa sherehe ilikuwa yake mwenyewe: Jumamosi iliyofuata wageni wangekuja kumposa binti yake Immy, na hakuwa amempata wa kumpikia pombe.

Ndiyo sababu alimwomba rafiki yake Umaru wazunguke vilabuni mwisho wa wiki, polepole, bila mzigo. Alisema ni kupumzika tu kabla ya shughuli. Moyoni alitumaini kwamba pombe nzuri, popote ilipo, ingemwamshia ulimi.

Umaru mwenyewe alikuwa Mwislamu na hakugusa pombe. Alikuwa dereva wa Canter iliyobeba maharagwe ya Masereka miaka mingi, na alichopenda barabarani ni juisi ya ndizi, ile ya asubuhi, kabla haijatiwa unga wa mtama uliokaangwa. Shida ni kwamba wauzaji huweka juisi na pombe katika majerikeni yanayofanana, na iliyotiwa unga jana huweza kukaa kimya kama juisi mpaka ifike kooni. Kwa hiyo wawili hao walikuwa na utaratibu wao. Masereka huonja kwanza. Ikiwa ni juisi, husema "Pita," kama askari anayeinua kizuizi mpakani. Ikiwa imegeuka, husema "Rudi." Hakuwahi kukosea.

Walianzia Kasese mjini, kwa Rusi, nyuma ya soko. Umaru alimtania kwamba baba wa bibi harusi hutoka nyumbani mapema hivyo akiwa ametoroka kazi ya kupaka nyumba chokaa, na Masereka hakukana. Juisi ilikamuliwa mbele ya macho yao, kwa hiyo kusema "Pita" kulikuwa rahisi. Kisha akaletewa tonto na mrija. Akavuta, akafumba macho, akangoja. Alichosikia ni joto la tumboni tu. Wanywaji wa benchi la pili walikuwa wakimsubiri aseme.

"Bado inajitafuta," akasema.

Ni jibu linalofaa pombe yoyote. Wakatikisa vichwa kwa heshima, na mmoja akalirudia kwa jirani yake.

Kisinga walikaa chini ya kibanda cha mabati, wakitazama watu wakishuka kutoka hospitali na vyombo vya chakula vitupu. Pale mwenye kilabu alikuwa akimnywesha mjukuu wake kutoka jagi la juisi. Masereka akaona, akamwambia Umaru "Pita" hata kabla kikombe hakijatoka mdomoni mwake vizuri. Tonto ya pale nayo ilikuwa maji. Akasema kwamba hii imeshajipata lakini imechoka. Umaru alicheka, akasema pombe za siku hizi zina maisha magumu kuliko madereva.

Walifika Bwera jua limeanza kulegea. Kwa Yayeri kulikuwa kumejaa, wengi wakiwa watu wa ng'ambo ya mpaka waliovuka daraja kununua chumvi na kuuza nguo. Yayeri alikuwa na birika mkono huu na mirija mkono ule. Umaru alipoomba juisi, mama huyo alionyesha kwa kidevu majerikeni mawili kando ya mlango.

"Ya leo na ya jana ziko pale, papa Masereka. Mutu kama wewe siwezi kufundisha. Onja tu, utajua."

Masereka akamimina kidogo kutoka hili, kidogo kutoka lile. Akaonja. Akaonja tena. Hakukuwa na tofauti, hata muwasho wa ncha ya ulimi. Aliinama akatazama rangi, zilikuwa sawa. Unga, kama ulikuwamo, ulikuwa umetulia chini asikouona. Jerikeni moja lilikuwa limepungua zaidi, naye akahesabu kwamba kwenye jua kama lile juisi ndiyo huisha upesi. Angeweza kumwita Yayeri, lakini kilabu kizima kingejua kwamba ameuliza. Akajaza kikombe kutoka jerikeni hilo.

"Pita, Hajji," akasema.

Umaru hakuwa amefika Maka bado. Hilo lilikuwa jina la mapenzi. Alikuwa na kiu. Alikunywa nusu ya kikombe kwa mkupuo mmoja, kisha akasimama na kikombe mkononi. Akakiweka chini taratibu, akatoka nje, akasukutua mdomo kwa maji ya kunawia. Masereka alimfuata hadi kwenye Canter.

"Ulionja?" Umaru aliuliza.

"Nilionja."

"Na ukasema pita."

Uongo ulikuwa tayari: vikombe vimechanganyika, kelele zilikuwa nyingi. Lakini Umaru aliendelea kufuta midomo kwa kiganja, ingawa ilikuwa imekauka zamani, na Masereka akashindwa.

"Sisikii kitu, Hajji. Tangu yale mafua. Hata chumvi sisikii."

"Na kule Kasese? Na Kisinga?"

"Niliangalia tu. Macho yalinisaidia."

Umaru aliwasha gari. "Mimi sikuangalia kitu," akasema. "Nilikuangalia wewe."

Walikwenda moja kwa moja hadi nyumbani kwa Jamidah, dada yake Umaru, walikopanga kulala. Umaru alitawadha, akaswali magharibi, akakaa kwenye mkeka muda mrefu kuliko kawaida yake. Chakula kilipokuja, alimtazama Masereka akitafuna ndizi na karanga kama mtu anayemaliza kazi aliyopewa.

"Pilipili unaisikia?"

"Moto wake tu."

"Basi kuna kitu kimebaki," Umaru akasema, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Kwangu haitaandikwa dhambi, sikujua. Kwako sijui. Hiyo nawaachia watu wa kanisa lenu."

Jamidah aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akaongeza chai.

Umaru ndiye aliyerudi kwenye shughuli ya Immy. Alisema ndizi za Rusi zilitolewa kwenye shimo la kuivishia kabla hazijaiva sawasawa. Juisi yake ilikuwa na uchungu mwishoni. Ya Kisinga ilitiwa maji. Masereka alimsikiliza kwa mshangao. Siku nzima yeye alikuwa akitafuta ladha, na ladha ilikuwa imekaa kando yake ikinywa kwa utulivu.

"Pombe siijui na sitaki kuijua," Umaru alisema. "Lakini juisi naijua. Kesho tuwahi kwa Yayeri akikamua."

Asubuhi walimkuta Yayeri ndani ya mtumbwi wa mti wa kukamulia, miguu yake ikikanyaga ndizi zilizochanganywa na nyasi, povu likipanda vidoleni. Wanywaji wachache wa mapema walikuwa wamekaa tayari. Yayeri alichota, akamnyooshea Masereka kikombe kama ilivyo desturi. Masereka hakukipokea.

"Mpe Umaru," akasema, kwa sauti ambayo benchi zima lilisikia. "Ulimi wangu umekufa. Yeye ndiye anaonja."

Mmoja wao alicheka, kisha akaona hakuna anayemsaidia, akaacha. Yayeri aliuliza ni tangu lini, akasikitika, akasema marehemu mume wake ilimpata hivyo na ikarudi kidogo kidogo.

Umaru alionja. Akaonja tena.

"Apike huyu," akasema.

"Na Jumamosi, pombe ikiiva, nani atajua?" Masereka aliuliza.

"Mimi nitajua, na mimi mwenyewe nitakuja nayo," alisema Yayeri. "Wewe utakunywa ya kwanza mbele ya wageni, waone haina ubaya. Hiyo haitaki ulimi."

Umaru alijaza kikombe kingine, akamwekea rafiki yake mkononi.

"Pita," akasema.

Masereka alikunywa. Kulikuwa na ubaridi, na unyasi mmoja uliomganda mdomoni.

"Ikoje?" akauliza.

Umaru akaketi karibu naye, akaanza kumweleza.