Wanamuziki Walioteremshwa Jukwaani

Mgeni alitarajiwa saa nane mchana. Ilipogonga saa kumi, Kapya alikuwa ameshalitazama lile wingu lililosimama juu ya mlima mweusi wa makapi ya shaba mara ishirini, na kila alipolitazama lilikuwa limenenepa zaidi.

Siku za kazi alikuwa mchomeleaji vyuma katika karakana ya mgodi. Siku za mapumziko alikuwa mpiga gita na kiongozi wa bendi ya Mapasa. Siku hiyo ya Novemba 1973 bendi ilikuwa imeitwa kwenye uwanja wa mpira wa kambi ya wafanyakazi, kumpokea mkubwa mmoja wa chama kutoka Kinshasa.

"Sitwayen Nkandu," alimwambia mkuu wa kamati ya sherehe, kwa neno la "raia" ambalo chama kilitaka watu wote waitane, "tuanze basi. Mvua iko inakuya. Tupige nyimbo mbili tatu, bantu bafurahi."

"Mbele ya mukubwa kufika? Hapana."

"Basi turudishe vyombo mu nyumba."

"Akute jukwaa tupu? Ngoja kwanza."

Nkandu akanyoosha kola ya abakosi yake, lile koti la watu wa chama lisilovaliwa tai, akaenda zake kupanga viti ambavyo vilikwisha pangwa tangu asubuhi.

Kapya alirudi jukwaani amekunja uso. Pale palikuwa na amplifaya aliyoinunua Zambia, akabembelezana siku mbili na watu wa forodha pale Kasumbalesa ili aivushe. Aliitunza hata mkewe akawahi kumwuliza kama waitandikie kitanda.

Feza, mwimbaji wao, alikuwa anatazama juu. Uwanja mzima haukuwa na paa ila turubai moja lililotandwa juu ya jukwaa.

"Yaya Kapya," alimwita, kama mtu amwitavyo kaka yake mkubwa, "ile kamba moja iko inalegea. Turubai ikijaa mayi itaanguka."

"Nilimuambia Nkandu."

"Alisema nini?"

"Kamati itaona."

Mvua haikuanza kwa matone. Ilimwagwa. Wageni waheshimiwa waliokaa kwenye viti vya mbele waliruka wote pamoja, wakuu wa idara na wake zao, wakaparamia jukwaa. Nkandu alikuja nyuma yao akipunga mikono.

"Banamuziki, mushuke! Muachie bakubwa nafasi!"

"Tushuke wapi?" Kapya aliuliza.

"Pale chini. Na muendelee kupiga."

"Hatuyaanza hata!"

"Basi muanze."

Kapya alidhani masikio yanamdanganya. "Gita ya umeme mu mvua? Unataka tukufe?"

Nkandu akamsogelea, sauti ikashuka. "Unakataa kuchezea chama? Niandike vile?"

Miaka ile swali hilo halikuwa na jibu zuri. Kapya aliwajua watu walioandikwa majina yao kwa wakubwa wa chama. Alichomoa nyaya zote, akavua koti lake la bendi, akaifunika amplifaya na kuisukuma nyuma kabisa. Hajageuka vizuri, mama mmoja wa mwili mkubwa akaikalia.

"Mama, ile haiko kiti."

"Nimechoka kusimama, mutoto yangu."

Alishuka. Angefanya nini? Feza alikuwa ameshavua viatu na kusimama kwenye matope. Papa Amisi, mzee wa ngoma, alikuwa anaipangusa ngozi ya ngoma kwa kofia yake, na mvua inailowesha palepale. Kapya akaokota chupa na msumari, akaanza kugonga. Ndivyo bendi ya Mapasa ilivyopiga siku hiyo: wanamuziki chini kwenye mvua, wasikilizaji juu kwenye ukavu.

Lakini watu wa kambi hawakuondoka. Walijitwika mabeseni vichwani, wakasogea, wakaitikia. Kwa muda mfupi hata Kapya alisahau kukasirika.

Ghafla Feza aliacha kuimba. Tumbo la turubai lilikuwa limeshuka karibu na vichwa vya wageni.

"Turubai!" akapiga kelele, mkono juu. "Turubai!"

"Turubai!" umati ukaitikia, wakipiga makofi.

"Mutoke! Turubai inaanguka!"

"Inaanguka!" wakaitikia wageni nao kule juu, wakitikisa mabega. Nkandu alikuwa wa kwanza kucheza.

Kamba ikakatika. Maji yaliwashukia kama pipa lililopinduliwa, turubai likawafunika, na chini yake zikasikika sauti za watu waliozoea kutiiwa wakitoa amri zote kwa pamoja. Hakuna aliyeumia. Kapya alipenya katikati yao akakuta yule mama angali amekaa, amelowa chapachapa, na chini yake amplifaya imekauka. Akamshukuru kwa mikono miwili.

Nkandu alitoka mwisho, abakosi imemng'ang'ania mwilini.

"Habari imefika," alisema. "Mukubwa alibakia Likasi. Atakuya Siku ya Mungu, saa nane."

"Siku ya Mungu mimi niko mugonjwa."

"Ugonjwa gani?"

"Andika ule unaupenda, sitwayen."

Wakaibeba amplifaya hadi nyumbani, Kapya na Papa Amisi, matope yakiwafika vifundoni.

Jumapili Kapya hakuhitaji kusema uongo: alilala na homa, blanketi mbili juu. Nje jua liliwaka tangu asubuhi. Mgeni alifika saa nane kamili, na kutoka kitandani Kapya aliisikia bendi yake ikipiga, na mtu asiyemjua akilipiga vibaya gita lake, ambalo kamati ilikuwa imetuma lichukuliwe asubuhi.