Video ya Masouda Haifunguki

Kofia ya mjukuu wangu Fahd, ile ya Kiomani ya kushonwa kwa mkono, ilibaki utosi tu. Ubavu nimeshaushona, vitundu vyote nimevizungushia uzi, na harusi yake Alkhamisi. Ua la utosini, lile alilokuwa akishona marehemu mama yetu, analijua mdogo wangu Masouda peke yake, naye yuko Unguja. Akanirikodia video. Video haifunguki. Kiduara kinazunguka weee, mpaka macho yananiuma.

"Mtandao wa nyumba hii mzito, Bibi," akasema Rawya, dada yake Fahd, anayefanya kazi za kompyuta kule mtaa wa Qurum. "Tangu Baba alete hii mashine mpya ya kugawa mtandao."

"Mzito vipi? Mbona maneno ya Masouda yanaingia papo hapo? Sasa hivi kanitukana, ati nna vidole vya mpishi."

Rawya akacheka, kisha akanigeukia. "Hebu rudia. Maneno yanaingia, video ndo inakwama?"

"Ndo nnavyokwambia."

Akafungua kompyuta yake, nami nikasogeza mto karibu. Akanieleza kuwa kila kinachopita kwenye mtandao hukatwa vipande. Ujumbe mfupi ni kipande kidogo. Video ni vipande vingi, kila kimoja kimejazwa mpaka ukingoni, na pengine njia yetu haipitishi kipande kikubwa vile.

"Na kisichopita kinarudi kwao?"

"Kinapotea, Bibi. Kinatumwa tena, kinapotea tena."

"Masikini!"

Akatuma kipande cha kujaribia, amekizuia kisikatwe njiani. Cha baiti 1472, kimya. Akapunguza, kimya.

"Kidogo kidogo," nikamwambia, "kama unabana gauni. Ukibana mno halivaliki."

Cha 1464 kikajibiwa.

"Tia na ishirini na nane za anwani yake, inakuwa 1492," akasema. "Na mashine ya Baba imewekwa 1500!"

"Nane tu ndo zimetuzuia?"

"Nane tu."

Akaingia kwenye mipangilio ya mashine, akabadilisha 1500 kuwa 1492, akaizima na kuiwasha. Taa zikarudi moja moja.

Vidole vya Masouda vikatokea kwenye simu yangu, vimenenepa, pete imembana. "Dada, sikiza. Ua hili huanzwa kabla ubavu haujafungwa. Kama umeshafunga, fumua mstari wa juu wote."

Rawya akaniangalia. "Bibi, Alkhamisi ni keshokutwa."

"Nipe wembe," nikamwambia. "Na irudishe mwanzo, sijaona uzi wa kwanza kautia wapi."