Kitambi cha Dirishani

"Mwenzangu, hilo la dirishani ni mti, ni kiazi, au ni jiwe limeota nywele?"

Jirani wa mlango wa pili aliuliza hivyo siku alipokuja kuazima ungo, na mjane mwenye nyumba akacheka mpaka akakaa chini. Ukweli wenyewe, mmea ule ulikuwa kichekesho. Shina lilikuwa nene, la mviringo, limekaa juu ya udongo kama mzee aliyeshiba, na utosini vijitawi vyembamba vya kuhesabika. Marehemu mumewe, fundi wa kuchomea vyuma, aliuita Kitambi. Aliuotesha kwa mbegu binti yao akiwa bado anatambaa, na kila alipoubadilishia chungu aliuinua kidogo juu ya udongo, tumbo lizidi kuonekana. "Mwacheni mheshimiwa apumue," alikuwa akisema.

Kitambi kilikuwa na tabia zake. Baridi ikianza, kilipukutisha majani yote kikalala, na kikilala hakipewi maji hata tone, maana tumbo lenyewe ndilo ghala lake. Mjane akimaliza sala ya alfajiri hupita dirishani, akalibonyeza kwa kidole gumba. Likiwa gumu, anamshukuru Mungu na kwenda kuwasha jiko.

Mwaka mmoja, katikati ya baridi, binti yake alijifungua, ikabidi asafiri kwenda kumwangalia. Ufunguo wa pili wa nyumba akamwachia wifi yake, dada wa marehemu.

"Fungua madirisha tu, wifi, nyumba ipate hewa. Kitambi usikiguse, kimelala. Maji usikipe."

"Haya," wifi akajibu, kwa ile haya ya mdomoni.

Aliporudi, begi likiwa bado begani, alikuta dirishani duara la vumbi tu, pale chungu kilipokuwa. Jirani akachungulia mlangoni.

"Wifi yako kakibeba. Kasema umekiacha kife kwa kiu, na yeye hawezi kutazama mali ya kaka yake ikidhalilika."

Mjane hakuvua hata viatu, akashika njia ya kwa wifi. Njia nzima alikuwa akiomba: Ee Mungu, ushike ulimi wangu. Lakini kila akifika hapo, lile neno "ikidhalilika" linampanda kooni na dua inakatika.

Wifi alikuwa na wageni, mashoga zake wawili, na sahani ya matunda katikati yao. Kando ya televisheni, juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, lilikaa bakuli la kauri lenye ukingo wa dhahabu. Ndani yake vilichomoza vijitawi tu. Tumbo halikuonekana.

"Karibu, wifi! Mtoto mzima?"

"Mzima. Tumbo liko wapi?"

"Tumbo gani tena?"

"La Kitambi."

"Aa, hilo! Nimelisitiri. Lilikuwa wazi kama mlevi aliyekatika vifungo. Nimelifukia vizuri, na kila asubuhi nalinywesha kwa mkono wangu huu." Akawageukia mashoga zake. "Kaka yangu, jamani, alikuwa na mkono wa miti."

Mashoga wakaguna kwa huruma.

"Bakuli hili lina tundu chini?" mjane akauliza.

"Tundu la nini? Linichafulie kitambaa?"

"Nilikuambia usikiguse."

"Na mimi nilikiona! Hakina jani hata la kusingiziwa. Kingekuwa mbuzi ungekinyima maji? Wewe uliingia nyumba ile na sanduku, wifi. Mimi na yeye tulinyonya titi moja."

Shoga mmoja akajifanya anakohoa. Mjane akahisi uso unawaka, lakini sauti ilipomtoka ilikuwa ya chini.

"Mlinyonya pamoja, sikatai. Lakini hukukaa naye dirishani. Miaka yote alipokuwa akikiinua kidogo kidogo, ulimwuliza hata mara moja kwa nini? Na mimi nilikuambia kwa mdomo wangu, ukaona ni maneno ya mpita njia. Umekirudisha chini pale pale alipokitoa!"

Akalishika bakuli, akalipindua juu ya meza. Tope likamwagika, maji machafu yakakimbilia ukingoni.

"Kitambaa changu!"

Mjane hakugeuka. Alikifuta Kitambi udongo, akabonyeza. Kidole kikazama. Harufu ya kuoza ikapanda, na mashoga wakavuta viti nyuma. Akachukua kisu cha matunda, akakata chini, pakatoka uji wa kahawia. Akakata tena.

"Unamchinja!" Wifi alikuwa amesimama. "Unamchinja kaka yangu mbele ya macho yangu!"

"Aliyemzamisha ni nani?"

Wifi akasema kwa kujikaza, "Si ukate tawi, upande mti mwingine? Kelele zote hizi za nini?"

"Tawi litaota, litakuwa mti kama miti mingine. Tumbo kama hili hutoka kwenye mbegu, wifi. Na aliyeipanda hayupo."

Akakata mara nyingine, akipangusa kisu kila mara. Pete ya kahawia ikapungua, ikawa doa. Akakata na doa. Nyama ikatokea nyeupe, safi, inatoa utomvu. Kilichobaki kilikuwa kama ngumi ya mtoto, na vijitawi vyake juu. Akabonyeza. Kigumu. Hakuthubutu kufurahi: kidonda kile lazima kikauke mpaka kifunge, ndipo kiguse udongo, na hapo katikati kinaweza kuoza tena.

Wifi akanyoosha mikono yote miwili. "Basi niachie. Safari hii nitakitunza utakavyo. Niambie tu."

Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na hayakuwa ya kuigiza. Mjane aliyaona. Aliona pia udongo uliojaa chini ya kucha zake, udongo wa kila asubuhi. Siku nyingine angemkumbatia.

Alikirudisha kisu kwenye sahani, akavua mtandio mabegani, akakifunga Kitambi ndani yake kidonda kikiwa nje.

"Wifi, sema neno basi," dada wa marehemu akamsihi.

Mjane akanyoosha kiganja. Wifi akaenda kwenye kabati, akautoa ufunguo wa nyumba ile, akauweka juu ya kiganja kile polepole. Vidole vya mjane vikajifunga.

Mjane akafungua mlango kwa kiwiko, mtandio ameukumbatia kifuani, akatoka.