Tumehama, Tumehamia

Mimi nikishasema nimesema. Serikali ya zamani ilipopinduliwa na nusu ya mji ikatimka, mume wangu akaanza wimbo wake: tuhame, tuwafuate ndugu zake. Nikamwambia tangulia, mimi nimechoka kukimbia. Manispaa mpya ilikuwa ikibomoa majumba matupu na kuwakusanya waliobaki kwenye mitaa ya katikati, yenye maji na taa. Nikaomba ofisi ya kile chama kilichoangushwa, nikapewa. Nikafagia, nikaingiza cherehani. Pale walipokuwa wakitutishia, sasa napinda suruali. Raha iliyoje!

Mume wangu ni mchora mabango. Alininunia wiki nzima, ila nilipomwomba aniandikie ukutani alipanda ngazi. Sikwenda kuangalia, nilikuwa na nguo za watu.

Kesho yake tingatinga likasimama mlangoni.

"Toka mama, tunabomoa," akasema msimamizi.

"Mnabomoa nini? Kwani mimi humu ndani ni paka?"

"Ukuta wenyewe unasema."

Nikatoka kusoma: FUNDI CHEREHANI TUMEHAMA HAPA. Loo! Badala ya tumehamia! Nikamgeukia mume wangu, mwenye mwandiko ule.

"Baba watoto, hii imekuponyoka au ni ya moyoni?"

Akajikuna kichwa.

Msimamizi akapiga simu, akaambiwa nyumba yenye watu iachwe, iliyokimbiwa ianguke. "Haya mzee, mmehama au mmehamia? Niambie moja, dereva anachoma mafuta."

Ningeweza kumjibia, ndiyo kawaida yangu. Lakini safari hii nilifunga mdomo. Nikimsemea, nitabaki na chumba na mume atakwenda zake. Niliogopa jamani, nisiwadanganye.

Aliutazama mtaa. Kinyozi wa ng'ambo alikuwa ametoka nje na mkasi mkononi, mteja wake kanyolewa upande mmoja, wote wanamsubiri yeye. Akashika brashi, akapanda, akaibana herufi I kati ya M na A, nyembamba kama uzi.

"Tumehamia," akasema kutoka juu ya ngazi. Kisha akaelekeza brashi kwenye chumba cha pembeni, kile kisicho na paa. "Na hicho msikiguse. Hicho ni karakana yangu."

Msimamizi akacheka, akampungia dereva arudi nyuma. Mimi nikarudi kwenye cherehani kutunga uzi, lakini kwa machozi yaliyonijaa sikuliona tundu la sindano.