Kipande cha Katikati

Nikutegee wewe unayesoma: mapacha wangu hulala majira yote ya joto tumbo kwa tumbo, wameng'ata mti mmoja, theluji ikianguka hukimbia sambamba, wala hakuna amshindaye mwenziwe. Umeshindwa? Nipe mji. Haya, nimeupokea: ni skii, zile mbao mbili ndefu zivaliwazo miguuni kutelezea thelujini.

Ågot alilijua jibu hilo tangu utotoni. Kila Mei baba yake, Halvor, alizipaka skii lami ya msonobari, akazifunga mbili mbili, akachomeka kipande cha mti katikati ili zisipoteze mbinuko unaoziwezesha kuteleza. Skii isiyobinuka ni ubao tu.

Mwaka mmoja Halvor alimchongea Sveinung, mdogo wake Ågot, jozi mpya ya mashindano, akailaza darini na kipande chake katikati. Julai, Ågot akioka mikate, moshi ukamzidi na dirisha likagoma kukaa wazi. Akapanda darini, akachomoa kile kipande, akategemezea dirisha. Nitakirudisha jioni, alijiambia. Jioni ikaja na mambo yake.

Alikumbuka theluji ya kwanza ilipodondoka. Akakimbia kukirudisha kimyakimya, lakini mti wa skii ulishanyooka.

"Baba, hizi skii au mbao za kitanda?" Sveinung alilalama. Wenzake wakamcheka kilimani: "We Sveinung, unateleza au unalima?"

Halvor alizipapasa muda mrefu. Alipozifungua, kipande alikikuta mahali pake. "Ågot, mwanangu, kwani nilichagua mti mbaya?"

Ågot akainamia uji wake. Halvor akatundika randa ukutani, na tangu siku ile hakuchonga skii tena, yeye aliyekuwa akifuatwa na bonde zima.

Miaka arobaini ikapita. Mei hii Ågot alikuwa kibarazani akifunga skii zake za dukani, kipande mkononi. Halvor, mzee wa miaka tisini, akamcheka.

"Za plastiki hizo, mama. Zina haja gani na kipande?"

"Mazoea tu, baba."

"Mazoea!" Kisha kicheko kikamtoka usoni. "Za Sveinung nilizitilia kipande, na bado zikanyooka. Mikono ilishachoka, nadhani. Nilikuuliza siku ile, hukunijibu. Ulikuwa mti mbaya, sivyo?"

Ågot alikitazama kipande kiganjani.

"Mti ulikuwa mzuri, baba. Na mikono yako pia. Kipande nilikichomoa mimi."