Yule Aliyebaki Maegeshoni

Saa tatu na dakika thelathini na tisa asubuhi, Jumanne ya pili ya Februari, Glenys Sugden aliegesha gari lake dogo la kijivu nyuma ya maduka ya Askerdale, kaskazini mwa Uingereza, akaingia duka la dawa kuchukua mofini ya kutuliza maumivu ya mumewe. Hata robo saa hakumaliza. Maegesho yale ni ya kampuni binafsi. Saa mbili za kwanza ni bure, na kamera ya langoni hupiga picha namba ya kila gari liingialo na litokalo. Glenys alirudi nyumbani, akakaa kitandani kwa mumewe, Walt, akamshika mkono. Saa saba mchana Walt alikata roho, na mkono wake ulikuwa bado mkononi mwa mkewe.

Kwetu sisi mwanamke aliyefiwa hukalishwa mkekani, akaliliwa, akaletewa uji. Kule, karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ilisema dawa iliyobaki irudishwe dukani bila kuchelewa, basi jioni ile ile Glenys alivaa koti, akaenda kuirudisha. Waingereza ndivyo walivyo. Wafe wao, watii wao. Kamera ilimwona akitoka saa kumi na moja na dakika arobaini na moja. Alipotoka asubuhi na alipoingia tena jioni haikumwona, kwa kuwa mara zote mbili lori la mikate lilikuwa limeikinga. Kwa hesabu ya kampuni, alikaa mle saa nane na dakika mbili.

Barua ya kudai pauni mia moja ilifika siku ya mazishi. Glenys alikwenda maegeshoni kuulizia, akajikuta yumo. Gari la kijivu lilikuwa nafasi ya thelathini na moja, na ndani alikaa Glenys mwingine, koti lile lile, chupa ya mofini mapajani. Walisalimiana. Yule wa garini alisema hawezi kutoka, lango halifunguki kwake, na ana haraka. Glenys hakuwa na moyo wa kumwambia habari za Walt. Alimnunulia chai ya maziwa na mkate wa soseji, akarudi nyumbani.

Jirani yake, Doreen Hepworth, alimshauri kama Waingereza wa rika lake wanavyoshauriana hadi leo.

"Zitupe hizo barua, mpenzi. Zile si faini, ni vitisho tu. Hata shangazi yangu alizitupa."

Shangazi alizitupa miaka ishirini nyuma, kabla sheria haijabadilika. Glenys alizitupa sita. Ya saba ilitoka mahakamani, na Doreen alipoiona alikaa kwenye ngazi, akalia kwa aibu.

Pauni zenyewe, ambazo sasa zilikuwa mia mbili na ushee, Glenys alikuwa nazo. Lakini kulipa ni kukiri kwamba siku ile, kutwa nzima, alikuwa maegeshoni. Na kama alikuwa maegeshoni, basi Walt alikufa peke yake. Hilo hakuwa tayari kulitia saini.

Doreen ndiye aliyefungua ukurasa wa mchango mtandaoni, kwa kompyuta ya maktaba, akaweka picha ya Glenys na Walt wakila chipsi ufukweni. Ilikuwa harambee kama harambee nyingine, ila haina ngoma wala mgeni rasmi. Watu walitoa pauni tano tano, na kila aliyetoa aliandika neno. Mpiga plasta mmoja wa Hull alisema yeye amebaki kwenye maegesho ya hospitali tangu mwanawe azaliwe, na kila mwaka humpelekea yule aliyebaki picha za mtoto. Mwalimu mmoja wa Swansea alisema wenzake waliobaki maegeshoni wamefika watatu, na hawapatani. Kwa siku kumi na nane zilipatikana pauni elfu kumi na mbili, na wakili mzuri akapatikana.

Wakili alileta risiti mbili za duka la dawa. Wakili wa kampuni akasema aliyeshinda maegeshoni anaweza kuingia dukani hata mara kumi. Akaletwa muuguzi aliyekuja kuthibitisha kifo, akaapa kwamba Glenys ndiye aliyemfungulia mlango. Jaji, mzee mpole mwenye mafua, alisema anamwamini muuguzi kabisa. Kisha akaomba kumwona yule mwingine.

Mahakama nzima ilishuka hadi nafasi ya thelathini na moja. Jaji aliinama dirishani, akamuuliza yupo pale tangu lini.

"Tangu asubuhi, mheshimiwa," alijibu yule wa garini. "Sijatoka hata mara moja. Nawaomba mnifungulie, nina mgonjwa nyumbani."

Hakusema uongo. Doreen alisonya, akaambiwa akae kimya.

Hukumu ilisomwa baada ya chakula cha mchana. Jaji alitoa pole nyingi. Alisema ni kweli wapo wawili, wala sheria haina ugomvi na hilo, ila mtu mmoja hawezi kisheria kuwa mahali pawili kwa saa zile zile, na kati ya hao wawili ni mmoja tu mwenye picha yenye saa na tarehe. Huyo ndiye Glenys Sugden wa Jumanne ile. Kampuni ilipwe, na gharama zake pia. Fedha za mchango zikaenda huko, pauni tano tano za watu, na meneja wa kampuni akamshukuru kila mmoja kwa barua pepe. Nasema hivi na hasira bado ninayo.

Doreen alitaka kumrudisha nyumbani. Glenys alisema ana mahali pa kupita kwanza. Alikwenda kwa miguu, akafungua mlango wa gari la kijivu, akaketi kiti cha abiria. Mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha, na watu walikuwa wakisukuma matoroli ya vyakula.

"Leo usinizungushe," yule mwingine alisema. "Walt anaendeleaje?"

"Walt amefariki. Jumanne ile ile, saa saba mchana."

Yule wa garini aliitazama chupa iliyokuwa mapajani, kisha akaiweka chini, karibu na miguu. Hakulia. Alikaa muda akifuta kioo kwa mkono wa koti.

"Alikuwa na nani?" aliuliza.

Hukumu ilikuwa mkobani mwa Glenys, imepigwa muhuri.

"Hakuwa na mtu," alisema.